Ngumi Kabla ya Jina la Babu

Jumatatu, Songea. Mvua imeanza alfajiri na haina haraka na mtu. Naandika nikiwa barazani kwangu, kwa jicho moja, maana la kushoto limevimba likajifunga lenyewe kama duka la Mhindi siku ya msiba. Mdomo wa juu nao umetangulia mbele ya pua.

Nimechanganyikiwa.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame vizuri. Bado silielewi.

Karatasi hizi alitugawia padre wa misheni, sisi wazee tulio kwenye mafundisho. Alisema kila siku tuandike dhambi zetu, tusije tukazisahau kabla ya ubatizo. Mimi kusoma nilianza nikiwa na mvi, nikaacha kabla herufi hazijaisha, kwa hiyo padre anisamehe palipopinda. Dhambi zangu siku hizi ni chache na hazina ladha. Naandika mambo mengine.

Jambo la leo ni hili. Jana ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wadachi, na mbele ya watu wote, uwanjani kwa boma, nimepigwa ngumi ya mdomo na mwanamume anayetaka kumwoa binti yangu. Kwetu Wangoni mkwe hathubutu hata kumkazia macho baba mkwe wake usoni. Huyu hakuishia kwenye macho.

Na mimi ndiye niliyejipeleka.

Mambo yalianza mvua za kwanza ziliponyesha. Pale bomani yuko Mdachi mmoja tunayemwita Bwana Masharubu. Kabla ya kuwa askari alikuwa baharia, na huko melini alijifunza kupigana ngumi kwa mchezo, jambo ambalo sisi hatukuwahi kulisikia. Mtu anapigana na mtu ambaye hajamkosea, halafu wanashikana mikono. Akaleta mifuko ya ngozi iliyoshonwa kama mikono ya mtu, ndani imejazwa manyoya ya farasi. Akatangaza sokoni kwamba anataka mwenyeji wa kufundishwa, na siku ya Kaisari mtu huyo atapigana na askari ndani ya kamba, watu wafurahi.

Vijana wote wakatazama chini. Nawaelewa. Leo umempiga askari ndani ya kamba, kesho kutwa anakukuta njiani peke yako, ana kiboko na kumbukumbu nzuri.

Mimi nikanyosha mkono. Bwana Masharubu alidhani nasalimia.

"Wewe mzee," akasema, "utakufa."

"Bwana, hilo nalifanyia mazoezi siku nyingi. Hizo ngumi ndizo sizijui."

Akacheka mpaka masharubu yakapanda juu. Nadhani aliona kwamba hata nikipigwa nitachekesha, na sikukuu inataka kicheko. Akaniandika.

Sasa niseme ukweli wa kunyosha mkono. Askari atakayeingia ndani ya kamba alikuwa anajulikana tayari: Sefu, Myao wa upande wa Tunduru. Mwezi mzima watu walikuwa wananiletea habari zake. Ameonekana akitoka mtoni nyuma ya binti yangu Luzia, bunduki begani, mtungi wa Luzia kichwani. Wewe umewahi kumwona askari wa serikali amebeba mtungi wa maji kichwani? Hata bunduki iliona haya.

Luzia ndiye mtoto niliyebakiwa naye. Mumewe aliondoka na ile njaa iliyokuja nyuma ya vita vyetu na Wadachi, pamoja na wengine wa nyumba hii ambao siwaandiki. Na Sefu muda wake wa uaskari unaisha mvua hizi hizi. Askari akifunguliwa anajulikana anachofanya: anafunga mzigo anarudi kwao, na mkewe anamfuata. Hivyo ndivyo ilivyo. Mwanamke akiolewa anahama. Mama yangu alihama, mke wangu alihama kuja kwangu analia, dada zangu walihama wasionekane tena. Nikahesabu: Luzia Tunduru, mimi hapa na kuku.

Askari huwezi kumgusa. Ukimgusa unalazwa chini mbele ya boma, na wanaohesabu viboko hawana haraka. Lakini ndani ya zile kamba, Mngoni angeweza kumpiga askari ngumi ya pua na Mdachi akapiga makofi.

Nani angeiacha nafasi hiyo?

Basi siku ya kwanza nikafika uani kwa boma. Sitazami upande ule walikowanyongea watu wetu. Kila nikipita pale shingo yangu inajua yenyewe pa kugeukia. Nikakuta gunia la mchanga limetundikwa, na pembeni yake amesimama yule aliyefundishwa kwanza na Bwana, sasa mwalimu wangu.

Sefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inua mikono."

Na mimi nikafanya kama alivyofanya baba yangu na mtu yeyote mwenye heshima zake kabla ya kupigana. Nilisimama, nikanyanyua goti, nikaanza kutaja majina yangu ya sifa, ili anayekufa ajue ameuawa na nani. "Mimi ndiye Mvunja-Boriti! Mwana wa Aliyevuka-Zambezi-Mgongoni-kwa-Mama! Mjukuu wa..."

Nikajikuta nimekaa chini. Kidevu kinalia kama debe.

"Samahani mzee," Sefu akasema, ameinama na mifuko yake ya ngozi kama mama anayekanda unga. "Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nakutambulisha kwa kifo chako."

"Nilitakiwa kungoja?"

"Mwenye adabu angengoja!"

Akaomba radhi kweli, si kwa utani. Hilo ndilo lililoanza kunivuruga. Ni rahisi kumchukia mtu anayekucheka.

Halafu ikaja shida ya mkono wa kushoto. Mchezo huu wa ngumi, mkono wa kushoto ndio unaotangulia. Unapiga nao kidogokidogo, unamsumbua mtu, halafu wa kulia unakuja kumaliza. Sasa mkono wa kushoto wa Mngoni ni wa ngao. Tangu nikiwa mdogo umefundishwa kusimama mbele ya kifua na kunyamaza. Ngao zenyewe zilichukuliwa zikachomwa baada ya vita, lakini mkono haukuambiwa. Kila nikisimama, huo unapanda, unajikunja, unakaa mbele ya moyo umeshika hewa. Na wa kulia unatoka chini kwenda juu, kama unachoma mkuki.

"Kushoto, mzee! Kushoto!" Bwana Masharubu anapiga kelele kwenye kiti chake.

Kushoto hakuji. Nimelipiga gunia lile kwa kulia mpaka likatoboka, kushoto kunatazama tu kama mgeni.

Sefu alikuwa na subira. Aliushika mkono wangu akaunyosha kama mtu anayenyosha fito juu ya moto, polepole, akaurudisha, akaunyosha tena. Alinifundisha pia kukaza shingo. Alisema Bwana anasema mtu akikaza shingo na kung'ata meno, ngumi haimwumizi. Nikamtazama. Miaka ile nyuma tulinyweshwa dawa ya maji tukaambiwa risasi zitayeyuka. Sasa ni shingo. Naona kila anayekupeleka vitani lazima akupe kitu cha kunywa kwanza. Nikakaza shingo hivyo hivyo, na meno nikang'ata kwa yale machache yaliyopo, yasiyokutana.

Iliumiza.

Siku moja tumekaa juu ya kuni tunapumua, nikamuuliza lile swali lililokuwa limenikaa kooni. "Mwaka wa vita ulikuwa wapi wewe?"

"Vita viliponifikia nilikuwa bado sijaota ndevu. Ilipokuja njaa nilikuwa nakula mizizi, mzee. Halafu nikaona askari wanakula wali. Nikaenda walipo."

Nilitaka jibu baya zaidi. Nilikuwa nimelitengenezea ngumi kabisa. Hili sikujua niliweke wapi, maana na mimi nilikula mizizi hiyo hiyo.

Ndipo nikamwambia kabla sijalainika. "Sikiliza. Siku ya Kaisari, ukianguka wewe, unamwacha binti yangu. Nikianguka mimi, mchukue."

Akakuna kichwa. "Luzia amesema hivyo?"

"Nasema mimi, baba yake."

"Haya mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkubalia mgonjwa.

Luzia aliposikia hakupika. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Kwa hiyo mimi ni ng'ombe, baba? Mnanipigania mkinifunga kwenye kigingi?"

"Ni mila."

"Mila ya wapi hiyo? Ya mabaharia?"

Nikaenda kwa rafiki yangu Mbano, ambaye tumezeeka pamoja tangu ngao zetu zilipokuwa mpya. Siku hiyo alikuwa ameletewa ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka upande wa Madaba. Yeye naye badala ya kunifariji alinikaba: "Wewe hutaki kumpiga yule Myao. Wewe unataka kumfunga binti kamba mguuni. Kunywa, uende."

Nikanywa. Rafiki akisema kweli mtu unajaza mdomo kitu kingine.

Sasa jana.

Watu walikuwa wengi, wa mjini na wa vijijini, wamesimama kwenye manyunyu. Wadachi wamekaa chini ya turubai na chupa zao. Askari wamejipanga penye bendera. Kamba zimefungwa kwenye nguzo nne, katikati tope. Nikaingia kifua wazi, mbavu zinahesabika. Wanawake wakacheka. Nikawachezea mabega kidogo wacheke zaidi. Kicheko nakipenda, sikatai.

Bwana akapiga kengele. Na mimi, mpumbavu, baada ya mafundisho yote yale, goti likapanda lenyewe.

"Mimi ndiye Mvunja-Boriti!"

Mwanzoni walicheka. Halafu nikasikia kicheko kinakatika, kutoka nyuma kuja mbele, kama mvua inapoacha bati moja baada ya jingine. Majina ya namna hiyo hayajatajwa hadharani tangu vita. Watu walikuwa wanayasikia kwa mara ya kwanza tangu walioyabeba walipoondoka.

"Mwana wa Aliyevuka-Zambezi-Mgongoni-kwa-Mama!"

Ndipo wazee wakaanza kunguruma. Midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani, ile sauti tuliyokuwa tunaitikia zamani huku tukigonga ngao. Mbano alikuwa mmoja wao, nilimwona, macho yamemtoka. Vijana ambao hawakuwahi kushika ngao nao wakaitikia. Miguu ikaanza kukanyaga tope. Mwili wangu ukasisimka wote, nikasahau Luzia, nikasahau Tunduru, nikawa mrefu.

Nikaona pia mengine. Bwana Masharubu hacheki tena. Mkubwa wao amesimama chini ya turubai, kiti kimeanguka nyuma yake. Na kule penye bendera, askari mmoja ameshusha bunduki kutoka begani, kisha wa pili.

Niliona. Lakini mdomo haukuweza kuacha. Jina lililofuata lilikuwa la babu yangu, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Nikavuta pumzi.

"Mjukuu wa..."

Sefu akanipiga mdomoni.

Haikuwa ngumi ya mafundisho; ilianzia mdomoni ikaishia jicho la kushoto. Nilianguka chali kwenye tope, mvua ikaniingia machoni. Halafu mtu mmoja akacheka, halafu uwanja mzima, na Wadachi wakacheka kuliko wote, na bunduki zikarudi mabegani. Yote hayo niliyasikia nikiwa chini.

Sefu akaja kuniinua. Alinishika kwapani, akaniinamia sikioni kama anayeniuliza kama niko hai, akasema: "Baba, jina la babu utalimalizia nyumbani kwako. Nitakuwepo."

Sikuelewa. Nyumbani kwangu, atakuwepo kivipi, na mimi nimeanguka, na yeye anaondoka na mtoto wangu? Kichwa kilikuwa kinazunguka. Na hapo hapo, bila kuniuliza, mkono wangu wa kushoto ukatoka. Ule wa ngao. Ukanyoka wenyewe vile vile alivyoufundisha, ukamkuta puani.

Sefu akakaa kwenye tope. Puu.

Watu walipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Bwana Masharubu akaingia ndani ya kamba, akanikumbatia, akapiga kelele "Kushoto! Kushoto!" kama mtu aliyezaa.

Basi tazama. Nilianguka mimi. Akaanguka yeye. Mapatano yanasemaje? Na hata kuanguka kwake sikujui. Aliteleza? Nilimwangusha? Au alijiangusha, mtoto yule, ili nirudi nyumbani na kitu? Na ile ya mdomo, alinipiga anishinde au aliona bunduki zinanitazama?

Usingizi haukunijibu. Leo asubuhi Luzia ameleta maji ya moto na kitambaa, ananikanda jicho bila huruma.

"Ameniambia alichokwambia jana," akasema.

"Kwamba atakuwepo. Atakuwepo wapi? Si anakwenda Tunduru?"

Luzia akaacha kukanda. "Nani kakwambia anakwenda Tunduru?"

"Si ndiko kwao? Si utamfuata?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na padre nikitaja Nafsi Tatu kinyumenyume. "Baba. Wewe hukumuuliza hata siku moja?"

"Nimuulize nini? Mke anamfuata mume. Hata kuku wanajua."

"Kwa Wayao mume ndiye anayehama, baba. Anajenga kwa wazazi wa mke. Analima shamba la baba mkwe. Tangu mwanzo alikuwa anatafuta njia ya kukuomba aje kuishi hapa. Ulipokuja kujifunza ngumi alidhani ndivyo Wangoni mnavyompima mkwe."

Niliomba aniwekee kitambaa juu ya macho yote mawili.

Mvua yote ile, gunia lote lile, mbavu zangu zote, namfukuza mtu asiondoke na binti yangu, na mtu mwenyewe anatafuta pa kuingilia.

"Na wale watoto," nikauliza chini ya kitambaa, "si watakuwa Wayao?"

"Kwao mtoto ni wa upande wa mama," Luzia akasema. Halafu akaongeza taratibu, "Akizaliwa wa kiume, hayo majina yako unayopigiwa ngumi utampa nani mwingine?"

Kwetu mtoto ni wa baba, kwao ni wa mama, na katikati ya hapo, kwa mahesabu ambayo sijayamaliza, mtoto anakuwa wangu. Nimepigwa, nimepewa. Hivi inawezekana?

"Na yale mapatano yetu ya kuanguka?"

"Mapatano yapi? Mimi nilishamkubali kabla hujavaa hiyo mifuko."

Akatoka na beseni lake.

Mchana Mbano alipita, amejifunika ngozi ya mbuzi kichwani kwa ajili ya mvua. Habari alikuwa nayo tayari. "Nasikia umepata mkamwana mwenye ndevu," akasema. "Atakuja na chungu chake au utamnunulia?" Ndivyo watakavyosema wote. Mwanaume anayehamia kwa mkewe, kwetu ni kichekesho cha msimu mzima. Padre naye ataniuliza habari ya Mwislamu nyumbani kwa mwanafunzi wake. Hiyo ni ngumi nyingine, itakuja na siku yake, nami nitakaza shingo.

Lakini kabla hajaondoka, Mbano alisimama kwenye matone ya paa. "Jana ulibakiza jina moja," akasema, na hakuwa anatania. "Nilikuwa nalingoja."

Hata mimi, Mbano. Hata mimi.

Bado nimechanganyikiwa, ila sasa nimechanganyikiwa nikiwa nimekaa. Nimewaza pa kumjengea: upande wa zizi tupu, pasipovuja sana, na mlango utazame wangu nimwone anavyoamka. Shamba la bondeni limeota magugu mpaka kiunoni. Atalijua jembe langu vizuri.

Na mambo mengine sijui. Mkwe aliyekutoa damu mdomoni anakaribishwaje? Anaanza kuomba radhi yeye, au mimi kwa ile pua? Hakuna mzee wa kumuuliza, maana jambo hili halijawahi kumpata mtu.

Amesema atakuja kesho, akishakabidhi bunduki. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Nitamwacha asalimie, atue mzigo. Halafu goti litapanda, na nitaanza majina tangu la kwanza, polepole, mpaka kwa babu. Na ngumi yake ikijisahau ikanikatiza tena, nitampiga kwa kushoto. Sasa kushoto nakujua.